Dodoso linasema kila sababu ni muhimu, sasa nitajuaje kwa nini walichagua chuo hiki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya tasnifu ya masters kuhusu sababu zinazofanya wanafunzi wachague chuo kikuu fulani na sio kingine. Nimegawa dodoso kwa wanafunzi 240 wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja, lina sababu 22 (ada, umbali, jina la chuo, kozi, ajira, ushauri wa wazazi n.k.) na kila sababu mtu anaipa alama 1 mpaka 5. Tatizo karibu zote zimetoka na wastani wa 4 na kitu, ya kwanza na ya kumi zimepishana kidogo mno. Sapavaiza anasema hapo hakuna matokeo, halafu anataka nilinganishe pia wavulana na wasichana. Nianze upya au hizi data zinaokoleka? Muda umebaki kidogo na programu ninayoijua ni SPSS.

JIBU: Marahaba. Usianze upya, ila kuna kitu lazima uongeze, na nitakueleza kwa nini maana ukielewa hapo utaweza kumjibu sapavaiza wako bila kubabaika.

Dodoso lako limeuliza "hiki kitu ni muhimu kwako?" wakati swali la tasnifu ni "nini kilifanya uache kile uende hiki?" Ni maswali mawili tofauti kabisa. Chukua mfano wa chuo kutambuliwa na mamlaka ya elimu, bila shaka umekiweka, na bila shaka kimepata karibu 5. Nani atasema hajali kama cheti chake kitatambulika? Lakini kama vyuo vyote alivyoviomba vinatambulika, hicho kitu hakikuamua chochote. Hata "ubora wa elimu" ni hivyo hivyo, wote wanautaka ila kila mtu ana maana yake na hakuna anayeweza kusema hautaki. Kwa hiyo wastani wa 4 na kitu sio kwamba wahojiwa wamekudanganya, wamejibu kweli kile ulichowauliza. Sababu ya kuchagua haionekani mpaka ujue huyo mtu alikuwa anachagua kati ya nini na nini.

Na hapo ndo kuna jambo la pili ambalo mimi naliona zito zaidi. Umewauliza waliokuja tu. Walioitwa wakaacha, huna. Walioacha hata kuomba, huna pia. Sasa kama ada ndo inafukuza watu, waliofukuzwa hawamo kwenye hao 240, waliomo ni wale walioimudu, utaona ada imepata alama ya kati halafu uandike kwamba ada haina athari kubwa, na uongozi wa chuo ukikusoma utapandisha ada kwa amani kabisa. Hii inaniuma kwa sababu tasnifu nyingi za mada hii zinaishia hapo hapo, jedwali la wastani na pendekezo kwamba chuo kiboreshe huduma.

Kuna utafiti mzuri sana unaoonyesha uzito wa hawa wasioonekana. Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani kiliwaandikia barua wanafunzi wa sekondari wenye maksi za juu kutoka familia za kipato cha chini, kikiwaahidi miaka minne bila kulipa ada endapo watakubaliwa. Mchumi wa elimu Susan Dynarski na wenzake wakalinganisha na wanafunzi kama hao ambao hawakupata barua: waliopata barua walioomba chuo ni asilimia 68, wasiopata ni asilimia 26, na waliojiunga kweli ni asilimia 27 dhidi ya 12. Na wengi wao wangepata msaada unaokaribiana na huo hata bila ile barua, kilichobadilika hasa ni kuambiwa mapema kwa uhakika. Sasa fikiria ungegawa dodoso lako kwa waliokuwa tayari wamejiunga na Michigan kabla ya hizo barua, ungeiona hiyo? Usingeiona hata kidogo.

Watafiti wa elimu Hossler na Gallagher mwaka 1987 walishauri tuutazame uamuzi huu kwa hatua tatu, kwanza mtu anakuwa na nia ya kuendelea na masomo, pili anatafuta na kukusanya vyuo vya kuomba, tatu anachagua. Naupenda huo mgawanyo kwa kuwa unakulazimisha useme sababu fulani inafanya kazi hatua gani. Umbali mara nyingi unakata vyuo hatua ya pili, kimya kimya, mtu hakiombi chuo cha mbali kabisa, ukimuuliza baadaye anakwambia umbali haukuwa tatizo, na ni kweli haukuwa tatizo kati ya vile vitatu vilivyobaki. Dodoso lako limezichanganya hatua zote kwenye jedwali moja.

Kuna na suala la kumbukumbu. Umewakuta wameshahamia hosteli, wana marafiki, wameshavaa fulana ya chuo. Mwanasaikolojia Jack Brehm mwaka 1956 aliwapa wanawake vyombo vya nyumbani wavipe alama, kisha wachague kimoja kati ya viwili wakichukue, halafu wavipe alama tena: kilichochaguliwa kikapanda na kilichoachwa kikashuka. Wanafunzi wako nao wameshachukua chombo chao, kwa hiyo alama za sasa zina kiasi fulani cha kujiridhisha. Na kuna mambo mtu hayajui kabisa kama yalimgusa. Mtafiti Uri Simonsohn aliangalia hali ya hewa siku ambazo waombaji walitembelea chuo kimoja kinachosifika kwa kukomalia masomo, na waliokuja siku ya mawingu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujiunga kuliko waliokuja siku ya jua. Hakuna dodoso duniani ambalo mtu angeweka vema kwenye "mawingu". Michael Luca na Jonathan Smith nao walitazama orodha za ubora wa vyuo za jarida la Marekani la U.S. News wakakuta chuo kikipanda nafasi moja maombi yanaongezeka kwa takriban asilimia 1, ila pale ambapo jarida liliorodhesha vyuo kwa alfabeti bila namba ya nafasi, watu hawakuitikia, ingawa taarifa za kujua ubora zilikuwepo. Mwanafunzi atakwambia alifuata ubora, kumbe alifuata namba iliyokuwa mbele ya macho.

Sawa, kazi yenyewe sasa.

Data ulizonazo: kwa kila mhojiwa tafuta wastani wake mwenyewe wa hizo sababu 22, halafu utoe huo wastani kwenye kila alama yake. Kuna watu wanaopenda kuweka 5 kila mahali na kuna wabahili wa 3, ukifanya hivi unaondoa hiyo tabia na kubakiza kile ambacho kila mtu amekipandisha au kukishusha kuliko vingine. Picha itafunguka kiasi. Lakini angalia, ukishafanya hivyo usizipeleke data hizo kwenye uchambuzi wa kutafuta vikundi vya sababu, maana sasa alama za kila mtu zinajumlisha sifuri na uhusiano kati ya sababu na sababu unavutwa kuwa hasi kwa hesabu tu, sio kwa ukweli. Na kama una kipengele kama "ada nafuu na mkopo unapatikana" kwenye mstari mmoja, kiseme wazi kwenye mapungufu, humo kuna maswali mawili na hujui amejibu lipi.

Kisha rudi kwa hao hao na fomu fupi sana, ya dakika tano, hata kwa simu. Waulize uliomba vyuo gani, ulikubaliwa wapi na wapi, kipi kilikuwa cha kwanza moyoni, na kama usingekuja hapa ungekuwa wapi leo. Uliza nani alikuwa na neno la mwisho, na liulize bila kumfanya ajione hana msimamo, manake wengi hawataki kuandika kwamba baba ndo aliamua. Waliokubaliwa chuo kimoja tu watenge kundi lao, hao hawakuchagua kwa maana unayoitafuta, walipokea, na kuwachanganya na waliokuwa na nafasi tatu mkononi ni kuharibu kazi. Tahadhari kidogo: kama udahili kwenu unapitia mfumo mmoja wa pamoja wenye idadi ya nafasi za kujaza, mpangilio wa kwenye fomu sio lazima uwe mapenzi ya kweli, watu wanaacha chuo wanachokitaka kwa kuhofia kupoteza nafasi, ndo maana nimesema uulize cha moyoni.

Badala ya kutumia tena zile alama 1 mpaka 5, mpe sababu nne nne, kila mara achague moja iliyomsukuma zaidi na moja iliyomsukuma kidogo kuliko zote. Hapo hawezi kuzipa zote 5. Zizungushe ili kila sababu itokee mara sawa, na punguza kutoka 22 mpaka kama 12, kwanza sioni kwa nini ziwe 22.

Halafu walioacha. Ofisi ya udahili ina majina ya waliokubaliwa wasiripoti. Usiombe namba zao moja kwa moja, pata kibali cha maadili na uombe ofisi yenyewe iwatumie ujumbe wa kuwaalika, anayetaka akutafute. Hawa ndo dhahabu ya tasnifu yako. Ukipata kumi na tano tu, wahoji kwa kina uweke sura nzima ya maelezo, usijaribu modeli ya takwimu. Ukipata wengi wa kutosha, tuseme nusu ya idadi uliyonayo, basi nenda kwenye logiti yenye masharti (conditional logit), modeli inayopima sifa zipi za chuo zilimfanya mtu achague hiki kati ya vile alivyokuwa navyo, aliyoijenga mchumi Daniel McFadden. Yeye na James Heckman aliyeshughulikia tatizo la sampuli iliyojichagua yenyewe walishirikiana Nobel ya uchumi ya mwaka 2000, na wewe una matatizo yao yote mawili kwenye tasnifu moja. Bila walioacha hiyo modeli haiendi kabisa, kwa sababu jibu la kila mhojiwa wako ni chuo kilekile, haina cha kulinganisha.

Kwenye data kila mwanafunzi anakuwa na mistari kadhaa, mmoja kwa kila chuo alichokubaliwa, na safu ya umbali kutoka kwao, kiasi ambacho angelipa mfukoni baada ya mkopo, kama alipata kozi aliyoiomba, kama ana ndugu pale, pamoja na safu ya 1 kama mstari ni chuo chako na 0 kama sio. SPSS haina kitufe cha moja kwa moja, ila unapitia COXREG, amri yake ya kuchambua muda hadi tukio kutokea, ambayo hapa unaiazima tu: weka muda 1 kwa chuo alichoenda na 2 kwa alivyoviacha, hali iwe 1 kwa alichoenda na 0 kwa vingine, na namba ya mwanafunzi iwe ndo tabaka (strata), ili kila mtu alinganishwe na vyuo vyake mwenyewe tu.

Wavulana na wasichana sasa. Ukiiingiza jinsia peke yake kwenye hiyo modeli itatupwa nje, kwa kuwa jinsia ya mtu haibadiliki kutoka chuo hadi chuo. Izidishe na sifa za chuo, jinsia mara umbali, jinsia mara ada, na hapo utaona kama umbali unawazuia wasichana kuliko wavulana au la. Kwa data za mwanzo linganisha zile alama ulizotoa wastani, sio ghafi, na chagua sababu nne au tano ulizokuwa na hoja nazo kabla ya kuangalia majibu, ukipima zote 22 kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali kukosea mara 5 kwa 100, moja hivi itatoka na tofauti kwa bahati tu.