Vijana wa manunuzi, ulizieni korona kabla ya bei

Wadogo zangu mnaoingia idara za manunuzi kwenye viwanda vya kamba hapa Tanga, nimeona tena orodha ya masapulaya wa singa, yaani nyuzi za mkonge: majina matatu, namba tatu za simu, kotesheni tatu, na chini yake kijana kaandika kwa kujiamini, "Hatari ndogo, tuna wauzaji watatu." Ndiyo maana naandika. Orodha ya namna hiyo iliwahi kusimamisha mashine zetu, na sitaki isimamishe zenu.

1. Anzeni na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Jani la mkonge likishapita kwenye korona, singa inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, iliyobaki ni maji na makapi. Hakuna anayelipia lori libebe maji kutoka Korogwe hadi mjini, kwa hiyo majani huchakatwa karibu na shamba, tena upesi, kabla hayajakauka. Basi anayeamua kama mtapata mzigo si mwenye heka nyingi wala dalali mwenye maneno matamu, ni mwenye korona inayozunguka. Wakulima wadogo wengi hawana korona yao. Wanapeleka majani kwenye ya mwenzao na kusubiri zamu.

Sisi hilo tulilijua kwa kuumia. Kiwanda nilichokuwepo wakati huo kilikuwa na wauzaji wawili wakubwa. Mmoja alikuwa na kampuni yenye ofisi mjini, mwingine dalali aliyekusanya kwa wakulima. Bei mbalimbali, invoisi mbalimbali, hata malori yao hayakufanana. Kila kikao cha mwezi tuliandika kwamba hatari tumeigawa. Kumbe mzee wetu wa stoo alikuwa anaona kitu kingine kila siku. Robota, yaani furushi la singa lililoshindiliwa, la kilo 250 lina alama iliyopigwa kwa rangi ubavuni, ya shamba na ya daraja la ubora, na alama ya wote wawili ilikuwa moja: mzigo wao ulitoka korona moja. Hakuna aliyemuuliza. Fomu yetu ya kupokelea mzigo ilikuwa na nafasi ya jina la muuzaji, uzito na namba ya gari, basi.

Mota ya korona ile ikaungua. Asubuhi dalali akapiga simu kuomba tumvumilie. Mchana kampuni ikapiga, maneno yale yale. Kipuri kilikuwa cha kuagiza nje. Tukazunguka mashamba mengine, tukakuta singa imeshaahidiwa wateja wao, na aliyekubali kutuuzia alitaka keshi, kwa bei yake. Mzigo ukaja mbichi, tukaupokea kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Ukipenyeza mkono katikati ya robota, vidole vinatoka na unyevu na harufu ya uvundo, na mizani imeshahesabu maji kuwa singa. Kwenye kusokota, nyuzi zikawa zinakatika kila baada ya muda mfupi. Akina mama wa pale wanaolipwa kwa kazi waliyotoa walikaa wakitazama mashine, wiki ile wakaondoka na hela ya nauli. Mteja wa nje tulimwomba radhi, akatuelewa. Wale akina mama tungewaambia nini? Hilo linaniuma mpaka leo.

2. Fomu ya kupokelea iwe na nafasi ya alama ya robota na kipimo cha unyevu, na mzee wa stoo aalikwe kwenye kikao cha masapulaya.

3. Masika ni Machi hadi Mei, miaka yote. Singa huanikwa juani, na njia za mashambani hugeuka tope. Akiba ijengwe Januari na Februari. Kuniambia mwezi wa nne kwamba mvua imetushtukiza hakukubaliki.

4. Muda wa delivari uhesabiwe gari linapofika getini kwenu. Nani Tanga hajaambiwa "gari limeshafika Segera"? Segera hadi mjini ni kama kilomita 70 za lami, lakini nimeyajua magari yaliyokuwa Segera tangu asubuhi hadi kesho yake. Andikeni saa ya getini, na mzigo umetimia au la. Mwisho wa mwezi mpeni muuzaji karatasi yake aione kwa macho.

5. Mkishajua korona, shukeni hadi shambani. Mkonge mwingi wa Tanzania ni chotara 11648, aliyezalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, na ugonjwa wa madoa ya Korogwe humshambulia. Hata ukiwa na mashamba matano, mmea ni mmoja. Muulize bwana shamba hali ya majani kila mnapoonana. Maofisa manunuzi wengi hawajawahi kukanyaga shamba la mkonge, na kwangu hiyo ni aibu ya idara.

6. Na malipo. Muuzaji mdogo akicheleweshewa hela, hawalipi wakataji, na wakataji huondoka. Singa ikiadimika, marobota ya kwanza huenda kwa anayelipa kwa wakati. Kwa hiyo kabla hujamwandikia barua kali ya kuchelewesha mzigo, panda kwanza uhasibu ukaulize invoisi yake iko mezani kwa nani.