Ukialikwa "tea" kaskazini mwa Uingereza, nenda na njaa

Mkuu, umesema mdogo wako anakwenda Sheffield kufanya kazi ya uuguzi, na ameambiwa majina ya vyakula kule yatamchanganya. Ni kweli. Mimi nimeishi Nottingham miaka sita, kisha Manchester, na neno la kwanza la kumfundisha ni "tea".

Kwetu ukiitwa chai asubuhi unajua kuna chapati au mihogo pembeni. Kule "tea" nayo ni mlo kamili, ila wa jioni. Mwenzangu wa kazini alinialika kwao saa kumi na moja na nusu. Nikala wali wangu kwanza, nikashiba, nikijua naenda kunywa kikombe kimoja tu. Kumbe mama yake ameshinda jikoni: nyama ya kuoka, viazi, mchuzi, sahani imejaa. Nilimaliza nusu kwa taabu, na yule mama akadhani chakula hakikupikwa vizuri. Mpaka leo inaniuma. Na "dinner" kwa wengi wa huko ni chakula cha mchana. Asije akatokea usiku.

Halafu kuna skonzi. Nottingham ni "cob", Manchester ni "barm", Coventry ni "batch", na Sheffield kwenyewe ni "breadcake". "Barm" asili yake ni povu la bia inayochachuka, ambalo waokaji walilitumia kama hamira. Watu wanalitetea jina la kwao kwelikweli, kama Mtanzania na ugali wake mbele ya Mkenya wa sima. Nimeona wazee wawili wakibishana juu ya hili mapumziko mazima.

Neno ninalolipenda zaidi ni "snap", chakula cha kubeba kazini. Ni la wachimba makaa ya mawe. Wenyewe husema limetokana na mlio wa kopo la chakula likifungwa. Mgodi wa mwisho wa Nottinghamshire, Thoresby, ulifungwa 2015, lakini kazini kwetu vijana ambao hawajawahi kushuka shimoni walikuwa bado wanasema "snap". "Scran" ni chakula chochote, atalisikia zaidi kwa watu wa Newcastle, Liverpool na Scotland.

Akifika Sheffield, aingie duka la samaki na chipsi, aombe chipsi ndani ya "breadcake", na aongeze "scraps": vile vipande vikavu vya unga vinavyobaki kwenye mafuta samaki wakikaangwa. Mimi mara nyingi nilipewa bure.