Kihisi kinalia usiku, kidole kinasema sukari iko sawa
Pole dada, najua usingizi unavyokatika. Umesema saa nane usiku kihisi, kile kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa mkononi, kililia kikisoma 3.1 mmol/L, yaani sukari imeshuka, ukatoboa kidole ukapata 5.8. Je, ulikuwa umelalia mkono wenye kihisi? Ukiukandamiza, namba hushuka kwa uongo. Geuka, baada ya muda itapanda yenyewe. Mimi nalalia kushoto, ndiyo maana changu nimekihamishia mkono wa kulia.

Halafu kihisi hakipimi damu, kinapima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15, hasa ukishakula ugali. Ila ukitetemeka na kutoka jasho, dalili za sukari kushuka, tafadhali usiamini kihisi peke yake: pima kidole, na ikiwa chini ya 3.9 kunywa maji ya glukosi palepale.