"Bank" ya mto na "bank" ya fedha: ni neno moja?

Umeuliza kama bank ya mto na bank ya fedha ni neno moja. Ukirudi nyuma sana, ndiyo, ila yaliingia katika Kiingereza kwa milango tofauti. La ukingo wa mto lilitoka kwa Waskandinavia. La fedha lilianzia Italia: banca, yaani benchi au meza ya mvunja fedha, likapitia Kifaransa kama banque. Waitaliano nao walilipata kwenye lugha za Kijerumani za kale, na shina hilohilo ndilo lililozaa bench. Kwa hiyo benki yetu na benchi letu ni ndugu wa ukoo mmoja! Bankrupt (aliyefilisika) nayo imetokana na banca rotta, benchi lililovunjika.

Vitenzi ndivyo vinavyowaangusha wengi. "I'm banking on you" si kuweka hela, ni "nakutegemea". Rubani akisemwa "banked left", hakutua ukingoni. Aliinamisha ndege upande wa kushoto ili apinde. Kwa nomino, tazama kihusishi: "on the bank" kwa kawaida ni ukingoni, "at the bank" huwa ni benki. "A bank of switches" ni safu ya swichi tu.