Maswali na Majibu: Ekseli ya Mbele Baada ya Kunyanyua Gari

Wasomaji kadhaa wa nyanda zetu hizi wameniandikia kuhusu shida zinazofanana: gari lilinyanyuliwa ili lipite vizuri njia za Makete, Ludewa au Chunya, springi mpya zikafungwa, na tangu siku hiyo usukani haujawa ule waliouzoea. Ninajibu matano kati ya maswali hayo, na lile la kwanza nitakaa nalo kwa muda mrefu kidogo.

Shikamoo mzee. Land Cruiser 79 yangu imenyanyuliwa milimita 50. Ninapotoka Isyonje kushuka Tukuyu linatangatanga, na nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe. Fundi anasema ninunue boksi ya usukani. (Msomaji wa Uyole)

Marahaba. Boksi iache kwanza. Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zina springi za koili mbele, na ekseli yake (mhimili unaobeba magurudumu ya mbele) hushikwa na mikono miwili mirefu ambayo ncha zake za nyuma zimefungwa kwenye chesisi. Ukiunyanyua mwili wa gari, ekseli hushuka ikiizunguka ncha hiyo ya nyuma, kwa hiyo hurudi nyuma kidogo na, jambo lililo kubwa zaidi, hupinduka kuelekea mbele.

Tazama uma wa baiskeli: umelala, juu yake ikiwa nyuma zaidi kuliko chini, na ndiyo sababu mwendeshaji aliyezoea anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Gari nalo lina mlalo huo kwenye kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia kulia na kushoto, na mafundi huuita mlalo huo kasta. Mkono wenye urefu wa mita 1 ukishushwa milimita 50 hugeuka karibu nyuzi 3, na kwa kuwa magari mengi ya aina hii hutoka kiwandani na kasta ya nyuzi chache tu, yako inawezekana imekwisha kabisa. Usukani usio na kasta hauna kinachourudisha.

Kwa kimo chako, bushi za mikono (mipira ya kwenye maungio yake) zenye tundu lililo pembeni badala ya katikati zinatosha kuirudisha ekseli kwenye mlalo wake. Wapo wanaopendelea vishikio vya kushusha ncha za mikono kwenye chesisi. Navyo hufanya kazi, lakini huning'inia chini na hukutana na mawe kabla ya kitu kingine chochote. Ukitumia njia yoyote kati ya hizo, fahamu kwamba pua ya difu (bonge la gia lililo kwenye ekseli) itainama, hivyo krosi, yaani kiungo cha propela (fito linalopeleka nguvu kwenye ekseli), iliyo upande wa difu itafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Ukisikia mtetemo mpya unapoweka gia za mbele, yaani magurudumu yote manne yakisukuma, tafuta chanzo hapo. Pima kasta kwa mashine kabla na baada ya kazi, na udai karatasi ya vipimo.

Jimny yangu imenyanyuliwa, na sasa tairi la kulia limetoka nje ya bodi kuliko la kushoto. Je, chesisi imepinda? (Msomaji wa Iringa mjini)

Huenda haijapinda. Chungulia chini ya gari utaona fito linalokatiza, ncha moja ikiwa kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Hilo ni panhadi. Kadiri linavyosimama wima zaidi, ndivyo linavyoivuta ekseli kuelekea upande lilikofungwa kwenye chesisi, kwa hiyo natarajia utaikuta ncha hiyo upande wa kulia.

Chukua mfano wa fito la milimita 900 ambalo tayari lilikuwa limeinama milimita 80. Ukinyanyua gari milimita 50, ekseli itasogea pembeni kama milimita 6. Ukinyanyua milimita 100, itasogea karibu 15, yaani zaidi ya maradufu. Ndiyo maana jirani aliyenyanyua kidogo hakuona kitu.

Funga panhadi inayorefushwa kwa nati. Irekebishe gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya matairi, si likiwa juu ya jeki, na upime kwa timazi ya mwashi iliyoning'inizwa kutoka kwenye bodi, kulia na kushoto. Usukani ukikaa kombo baada ya hapo, urekebishe kwa fito la stelingi. Kuung'oa na kuupachika upya ni kuficha kosa.

Nina pikapu ya zamani yenye springi za majani, nabeba mbao Mafinga. Matairi mapya yanakwaruza nyuma ya matundu ya bodi. Naweza kusogeza ekseli mbele? (Msomaji wa Mufindi)

Unaweza, milimita 20 hadi 25. Springi ya majani huishika ekseli kwa bolti ya katikati inayoingia kwenye tundu, na tundu jipya kwenye bamba imara hufanya kazi hiyo bila kuchomelea ganda la ekseli, jambo ambalo nalikataa kwa sababu joto hulipinda. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Zikitofautiana, gari litatembea kiubavu kama mbwa. Ekseli ikiwa inaning'inia kabisa, hakikisha propela haijachomoka sana kwenye meno yake na paipu ya breki haijakazika. Ukiongeza kabari ya chuma kwa ajili ya kasta, pua ya difu inapaswa kuinama. Ikiinuka, umeiweka kinyume.

Je, haya yanahusu Prado? (Msomaji wa Njombe)

Hapana. Prado za kuanzia toleo la 90 hazina ekseli nzima mbele. Kila gurudumu lina mikono yake, na kasta hurekebishwa kwenye bolti za mkono wa chini.

Nikifika kilomita 80 kwa saa tambarare ya Chimala, nikapita kishimo kidogo, mbele kote hutikisika hadi nisimame. Nimeshauriwa kuongeza shokapu ya usukani. (Msomaji wa Igurusi)

Shokapu itanyamazisha dalili kwa miezi michache. Injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa chini, mwombe mtu ageuze usukani kidogo kulia na kushoto huku wewe ukitazama ncha mbili za panhadi, kisha tairodi, fito linalounganisha magurudumu mawili ya mbele. Bolti ikicheza ndani ya tundu lake, umempata mhalifu. Baada ya hapo inua gurudumu, ulishike juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni wa beringi za gurudumu au za kingpini. Matairi makubwa yasiyofanyiwa balansi huamsha ugonjwa huo huo. Mpaka utakapopata jibu, usizidi kilomita 60 kwa saa.