Kwa nini miche iliyokulia ndani hubabuka ikitolewa juani

Mkuu, umeuliza iweje miche yako iliyokulia dirishani ipauke siku mbili tu baada ya kuitoa juani, ilhali maji ilipata ya kutosha na mwanga ndio chakula chake. Mimi nilipoteza trei nzima ya pilipili hoho kwa namna hiyohiyo, na ndiyo iliyonifanya nianze kulifuatilia jambo hili.

Kwanza kagua majani vizuri. Kwangu, jani lililofunikwa nusu na jani la juu yake lilipauka ile nusu ya wazi tu. Nusu ya kivulini ilibaki kijani kabisa, na mpaka kati yao ulikuwa na umbo lilelile la jani la juu, kama limechorwa. Ingekuwa kiu, jani lingenyauka lote. Ukiona mpaka wa namna hiyo, kilichoumiza ni mwanga wenyewe.

Maana mwanga si chakula, ni moto wa kukipikia, na moto ukizidi unaunguza. Ndani ya kloroplasti, yaani vijumba vidogo vya kijani ndani ya seli za jani, klorofili (chembe za rangi ya kijani zinazonasa mwanga) zimepangwa kwa mamia kuzunguka kila kitovu cha kazi. Moja ikinasa mwanga, nishati hupokezanwa kutoka klorofili hadi klorofili mpaka ifike kitovuni, ambako elektroni hung'olewa na safari ya kutengeneza sukari huanza. Kupokezana huko humalizika kabla hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde haijapita. Kutengeneza sukari ndiko kunakokwenda taratibu. Majani ya mimea mingi hufika kikomo kabla mwanga haujafikia nusu ya ukali wa jua la adhuhuri. Nishati inayobaki isipotafutiwa njia, huangukia kwenye oksijeni na kuigeuza kuwa sumu inayoshambulia utando na protini za jani.

Hapo ndipo mimea inaponishangaza. Jua likizidi, asidi hujikusanya ndani ya thilakoidi, vifuko bapa vilivyo ndani ya kloroplasti, na asidi hiyo ndiyo kengele. Ndani ya dakika chache rangi ya njano iitwayo violaksanthini hugeuzwa kuwa zeaksanthini, ambayo husaidia kuitoa nishati ya ziada kama joto. Kloroplasti nazo husogea pembeni mwa seli, zikapeana kivuli. Ipo pia protini iitwayo D1 ambayo mwanga huiharibu kila mara, na mmea huing'oa na kuweka mpya mchana kutwa.

Mche wa ndani una mitego mingi ya kunasa mwanga hafifu, lakini rangi za kinga ni haba. Ukiutoa ghafla, unanasa nishati nyingi kuliko uwezo wake wa kuitumia au kuitupa.

Ukitaka kuona nishati ikikosa pa kwenda, twanga majani mabichi, yaloweke kwenye spiriti (mbali na moto), chuja, kisha zima taa na umulike kwa tochi ya urujuanimno (UV). Maji ya kijani yatang'aa mekundu kama damu, kwa sababu klorofili imetenganishwa na wenzake na haina wa kumpokeza. Mara ya kwanza nilikaa gizani muda mrefu nikiigeuzageuza ile chupa. Jani hai nalo hung'aa hivyo, ila kwa asilimia 1 au 2 tu ya nishati iliyonaswa.

Kinga hii ina gharama yake: wingu likiziba jua, jani huendelea kutupa joto kwa dakika kadhaa bila sababu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzao walionesha kuwa tumbaku iliyorekebishwa vinasaba ili ilegeze kinga haraka ilikua kwa takriban asilimia 15 zaidi.

Siku hizi naanza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja hivi, naongeza kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Yako irudishe kivulini kwanza. Palipopauka hapatarudi kijani, lakini usiung'oe mche ambao ncha yake bado ni mbichi. Jani litakalochipukia huko nje litakuwa dogo na nene zaidi, nalo jua litalihimili.