Hesabu Vitanda Kabla ya Nguzo

SWALI: Shikamoo Mzee. Nilisoma Ohio mwishoni mwa miaka ya 1990, nikajiunga na chama cha udugu cha wanafunzi, hivi vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Nyumba yetu ni ya 1928, inavuja na sakafu zinabonyea. Inamilikiwa na kampuni ndogo ya sisi wahitimu, nami nimepewa uenyekiti wa kamati ya ujenzi, eti Mtanzania anajua kubana matumizi. Msanifu ameshatuchorea jumba la vitanda 32, nguzo nne mbele, baa chini. Wenzangu wanasema tuvunje, pesa zitakuja. Nianzie wapi?
Msomaji, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo mchoro ukunje kwanza uuweke kabatini. Nimekadiria majengo hapa Durham, North Carolina, miaka mingi, na nyumba za wanafunzi zilizonitoa jasho zote zilianza na picha nzuri ukutani.

Chukua karatasi uhesabu vitanda. Tuseme kijana analipa dola 700 kwa mwezi, miezi 9. Vitanda 32 vikijaa ni dola 201,600 kwa mwaka. Mwaka ambao wanachama wapya wamekuwa haba, mkabaki na 26, mnapata 163,800. Benki haina habari na hao 6 waliokosekana. Rejesho ni lilelile. Basi mkopo upimeni kwa 26, tena mkishatoa bima, umeme na matengenezo. Wenzako watasema nyumba ikiwa mpya itajaa. Labda.

Michango je? Kama umewahi kukaa kamati ya harusi sina la kukufundisha. Ahadi zinasomwa kwa vigelegele, halafu wiki ya mwisho simu hazipokelewi. Msivunje hata tofali moja kwa pesa ya ahadi. Na kuna suala la kodi: anayechangia kampuni ya nyumba kwa kawaida hapati nafuu, kwa kuwa sheria inaihesabu kama klabu. Akichangia mfuko wa elimu wa chama anaweza kupata, ila pesa hiyo ni ya vyumba vya kusomea na mambo ya namna hiyo. Mwone mwanasheria wa kodi kabla hamjachapisha kadi.

Baa ifuteni. Nchi hii pombe ni miaka 21, na wengi watakaolala humo hawajafika. Phi Delta Theta waliondoa pombe kwenye nyumba zao tangu 2000, na chama bado kipo.

Pesa ya baa iende kwenye vinyunyizio vya darini, vile vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukizuka. Hapa jirani yangu Chapel Hill, alfajiri ya tarehe 12 Mei 1996, nyumba ya Phi Gamma Delta iliungua, wakafa wanafunzi 5. Ilikuwa Siku ya Mama, tena siku ya mahafali; wazazi walikuwa wamekuja mjini kupiga picha. Nyumba haikuwa na vinyunyizio. Baadaye mji ukazilazimisha nyumba za aina hiyo kuviweka. Kamati ikikuambia ni gharama, wasimulie habari hiyo, kisha unyamaze.

Kuhusu kuvunja: mtafuteni mhandisi wa miundo asiye na maslahi na mchoro. Nyumba moja niliyokagua, wahitimu waliapa ni nzima. Nilishuka chini ya bafu la ghorofa ya kwanza, nikachoma boriti kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini kama kisu kwenye papai bivu. Lakini kuta za matofali zilikuwa imara kabisa, zikabaki; tulibadilisha sakafu, mabomba na nyaya. Mkijenga upya, likizo ya Mei hadi Agosti haitoshi. Mwaka mzima vijana watapanga mitaani, na chama kisicho na nyumba kinasinyaa haraka.

Hati ya kiwanja umeiona kwa macho yako? Vyama vingi vina nyumba juu ya ardhi ya chuo, kwa mkataba wa kupanga. Itafute wiki hii, pamoja na orodha ya waliolala humo miaka 5 iliyopita. Nitumie vyote viwili, ndipo tuongee habari ya nguzo.